Kura ya Kumi na Nne

Jumatatu jioni, tarehe 20 Novemba 2017, wawakilishi wa nchi 27 za Umoja wa Ulaya walikuwa ukumbini mjini Brussels wakimwangalia mwenzao mmoja akijiandaa kuchopoa jina. Aliitwa Matti Maasikas, naibu waziri wa Estonia aliyeshughulikia mambo ya Ulaya. Majina yaliyobaki yalikuwa mawili tu, Dublin na Paris. Raundi tatu za kura zilikuwa zimekwisha, karatasi zimehesabiwa, na matokeo ya raundi ya mwisho yalikuwa 13 kwa 13. Kanuni walizojiwekea wenyewe zilisema kwamba mambo yakifika hapo, nchi iliyoshika uenyekiti ichague kwa kura ya bahati. Maasikas akachopoa. Likatoka jina la Paris.

Kilichokuwa kikigombewa ni makao ya Mamlaka ya Benki ya Ulaya, chombo kinachoandaa kanuni za pamoja za benki za Umoja huo na kuzipima kama zina mtaji wa kuhimili msukosuko. Chombo hicho kilikuwa London. Uingereza ilikuwa inajitoa kwenye Umoja, na msimamizi wa benki za Ulaya hawezi kukaa nje ya Ulaya anayoisimamia. Ilibidi ahame, na Jamhuri ya Ireland ilihangaika mwaka mzima ili ahamie Dublin.

Hadi leo kisa hiki kikisimuliwa, kinachotajwa kwanza ni ile kura ya bahati, kana kwamba Ireland ilishindwa na shilingi iliyorushwa hewani. Ila ukizipanga namba za siku ile kwa utaratibu wake, utaona kwamba Dublin iliiacha nafasi yake ipite mapema zaidi, kabla ya bahati kuitwa mezani.

Msimamizi aliyezaliwa na msukosuko

Mwanzoni, mwaka 2004, ilikuwa kamati tu. Wasimamizi wa benki wa kila nchi ya Ulaya walikutana London, wakashauriana, wakaandika miongozo, kisha kila mmoja akarudi kwao kusimamia benki zake apendavyo. Benki zenyewe zilikuwa zimeshavuka mipaka kitambo, zikikopesha Madrid fedha zilizokusanywa Frankfurt, lakini macho ya wasimamizi yaliishia mpakani.

Mwaka 2008 ulipofika, kasoro hiyo iligharimu mabilioni. Tume ya Ulaya ikamwita Jacques de Larosière, Mfaransa aliyewahi kuongoza Shirika la Fedha la Kimataifa, aketi na wataalamu wenzake watafute dawa. Taarifa yao ilitoka Februari 2009, na matunda yake yakaonekana tarehe 1 Januari 2011, siku zilipoanza kazi mamlaka tatu mpya: ya bima na pensheni ikakaa Frankfurt, ya masoko ya hisa na dhamana ikakaa Paris, na ya benki ikabaki London ilipokuwa ile kamati. Mgawanyo huo tuukumbuke, maana miaka sita baadaye ulirudi mezani.

Ireland na msimamizi huyu walikuwa na historia yao. Julai 2010, ile kamati ya zamani ilitangaza matokeo ya jaribio la uhimilivu kwa benki 91 za Ulaya. Jaribio la namna hiyo huuliza swali moja: uchumi ukiporomoka kesho, benki hii itasimama? Saba zilifeli. Benki mbili kubwa za Ireland, Allied Irish Banks na Bank of Ireland, zilifaulu. Miezi minne haikupita vizuri, serikali ya Ireland ikawa inabisha hodi kwa wakopeshaji wa kimataifa, na fungu la kuiokoa likapangwa kuwa yuro bilioni 85. Aliyekuwa amepewa alama za kufaulu alikuwa mahututi.

Mamlaka mpya, chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Mwitaliano Andrea Enria, ilirithi aibu hiyo, na mwaka 2011 ikaongeza ya kwake: benki ya Dexia ya Ubelgiji na Ufaransa ilipita jaribio la Julai, ikaanguka Oktoba. Ndipo vipimo vikakazwa na takwimu za kila benki zikaanza kuanikwa hadharani kwa kina. Kufikia 2017 Mamlaka ilikuwa na wafanyakazi wasiofika 200, ofisi zao zikiwa ghorofa ya 46 ya mnara wa One Canada Square, Canary Wharf, mashariki mwa London. Kwa idadi ya watu ni ofisi ndogo. Lakini kila benki kubwa ya Ulaya ilikuwa na sababu ya kutuma watu wake pale.

Jengo la kando ya Liffey

Ili kuelewa kwa nini nchi ya watu wasiofika milioni tano iliitaka ofisi hiyo kwa hamu kiasi kile, tusimame kidogo kando ya mto Liffey, katikati ya Dublin.

Mwaka 1987 eneo la bandari ya zamani karibu na Custom House lilikuwa maghala matupu. Serikali ya Charles Haughey ilichukua wazo lililopigiwa debe na mfanyabiashara Dermot Desmond, ikaanzisha hapo kituo cha kimataifa cha huduma za fedha na kuyatoza makampuni yatakayokuja kodi ya asilimia 10. Wengi walitilia shaka. Makampuni yakaja. Zikaja ofisi za mifuko ya uwekezaji, za bima na za benki za kigeni, na vijana ambao baba zao walipanda meli kwenda kutafuta kibarua Liverpool wakapata kazi ya kuvaa tai nyumbani kwao.

Halafu ikaja tamaa. Benki za ndani zilikopesha wajenzi bila breki, na iliyokuwa mbele kuliko zote ni Anglo Irish Bank. Ilinenepa hadi ikaamua kujijengea makao makuu mapya North Wall Quay, ukingoni mwa mto huohuo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 2008, serikali ya Brian Cowen ilikesha, na asubuhi wananchi wakaambiwa kwamba taifa limedhamini madeni ya benki zao, takriban yuro bilioni 440. Januari 2009 Anglo ikataifishwa. Hesabu ilipofungwa, walipakodi walikuwa wameingiza kwenye benki kama bilioni 64, na takriban bilioni 29 kati ya hizo zilizama Anglo peke yake. Mishahara ya serikali ikakatwa, nyumba zikakosa wanunuzi, vijana wakaanza tena kuhesabu nauli za kwenda Australia na Canada.

Lile jengo la North Wall Quay liliachwa gofu. Kwa miaka kadhaa lilisimama pale, zege tupu lisilo na madirisha, na mpita njia hakuhitaji gazeti kujua nchi yake imefikwa na nini. Mwaka 2012 Benki Kuu ya Ireland ikalinunua, ikalimalizia, ikalivika wavu wa alumini ya rangi ya dhahabu, na mwaka 2017 ikahamia. Msimamizi wa benki akaweka meza zake ndani ya ganda la benki iliyomshinda kusimamia.

Mwaka huohuo nchi hiyo ilikuwa ikiwaambia wenzake wa Ulaya: tuleteeni msimamizi wa benki zote. Ombi hilo lilikuwa na maslahi ya kazi na vitanda vya hoteli ndani yake, lakini lilikuwa pia na maslahi ya jina. Ireland ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye mpango wa mikopo ya uokozi, Desemba 2013. Kupewa uenyeji wa Mamlaka ya Benki kungekuwa cheti cha kwamba mgonjwa amepona.

Mchuano waanza

Waingereza walipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakachagua kutoka. Serikali ya Ireland haikungoja vumbi litulie. Jukumu la kuipigania Mamlaka lilimwangukia Eoghan Murphy, waziri mdogo wa huduma za fedha, na baraza la mawaziri lilipobadilishwa Juni 2017, chini ya waziri mkuu mpya Leo Varadkar, likachukuliwa na Michael D'Arcy. Walisaidiwa na Helen McEntee wa masuala ya Ulaya na waziri wa fedha Paschal Donohoe. Kazi yao ilikuwa ya kubisha mlango mmoja mmoja: nchi 26 nyingine, kura 26, na kila mwenye kura ana lake moyoni.

London nayo ilichelewa kuamini. Hata Aprili 2017, baada ya barua rasmi ya kujitoa kuwasilishwa tarehe 29 Machi, ofisi ya serikali iliyoshughulikia kujitoa ilikuwa bado ikisema kwamba hatima ya vyombo hivyo ni jambo la mazungumzo. Kwa wale 27 halikuwa la mazungumzo hata kidogo. Tarehe 22 Juni 2017 walipitisha utaratibu. Maombi yafike kabla ya kwisha Julai. Tume ya Ulaya iyachambue, na Novemba kura zipigwe.

Vigezo vilikuwa sita. Je, ofisi itakuwa tayari siku Uingereza inapotoka? Je, mji unafikika kwa ndege? Kuna shule za watoto wa wafanyakazi? Wenzi wao watapata kazi, na familia zitatibiwa wapi? Kazi itaendelea bila kukatika? Cha sita, kilichowahusu sana wanachama wapya wa mashariki, ni mgawanyo wa kijiografia: viongozi walishakubaliana tangu 2003 kwamba nchi wanachama wapya zipewe kipaumbele vyombo vinapogawiwa.

Miji minane ikajitokeza: Brussels, Dublin, Frankfurt, Luxembourg, Paris, Prague, Vienna na Warsaw. Sambamba na mchuano huo ulikuwapo mwingine mkubwa zaidi, wa Wakala wa Dawa wa Ulaya wenye wafanyakazi karibu 900, ambao nao ulikuwa Canary Wharf. Huko waliomba 19, Dublin ikiwemo.

Kila mmoja alikuja na turufu yake. Luxembourg ilifukua uamuzi wa mwaka 1965 uliogawa makao ya taasisi za Ulaya, ikasema vyombo vya fedha ni haki yake kwa maandishi. Frankfurt ilikuwa na Benki Kuu ya Ulaya na mamlaka ya bima, na turufu hiyo ndiyo iliyokuwa pia mzigo wake: waliokuwa wakiogopa kila kitu cha fedha kuishia Ujerumani hawakukosa cha kunyooshea kidole. Paris ilikuwa na mamlaka ya masoko, rais mpya Emmanuel Macron aliyekuwa na miezi michache tu madarakani, na nia ya wazi ya kuchota kutoka London kila kilichochoteka. Prague na Warsaw zilisimama juu ya kile kigezo cha sita.

Hoja za Dublin zilieleweka upesi. Lugha ya kazi ya Mamlaka ni Kiingereza, na Kiingereza ni lugha ya mtaani Dublin. Saa ni ileile ya London, na ndege huchukua kama saa moja, kwa hiyo familia ingehama bila kung'oa mizizi yote. Kituo cha fedha kipo tayari. Chombo cha Umoja wa Ulaya kilichokuwa na makao Ireland kilikuwa kimoja, Eurofound, kinachochunguza hali za kazi na maisha, nacho kimekaa Dublin tangu 1975. Tena hakuna nchi iliyotarajiwa kuumizwa na kujitoa kwa Uingereza kama Ireland, yenye mpaka wa nchi kavu na Ireland ya Kaskazini. Ulaya nzima ilikuwa ikisema imesimama na Waairishi katika suala la mpaka. Dublin ikataraji mshikamano huo uonekane pia kwenye karatasi ya kura.

Tume ilitoa uchambuzi wake tarehe 30 Septemba. Ilieleza kila ombi, ila haikupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Alama hazikuwekwa. Kuanzia hapo mambo ya shule na ndege yalikaa pembeni, yakabaki mazungumzo ya korido.

Raundi tatu

Utaratibu wa kura ulifanana na ule wa mashindano ya nyimbo. Raundi ya kwanza kila nchi ina pointi sita: tatu kwa chaguo la kwanza, mbili kwa la pili, moja kwa la tatu. Mji ukipewa pointi tatu na nchi 14 au zaidi, mchezo umekwisha. La sivyo, miji mitatu inayoongoza inaingia raundi ya pili, na huko kila nchi ina kura moja. Mwenye 14 ameshinda. Akikosekana, wawili wa juu wanaingia raundi ya tatu. Wakilingana, ni kura ya bahati. Kura zote ni za siri, na nchi itakayotwaa Wakala wa Dawa haitapewa na Mamlaka ya Benki.

Siku ya kura, Ireland ilijiondoa kwenye mchuano wa dawa ili nguvu zote ziende kwenye benki. Malta na Croatia nazo zilijiondoa huko. Lilikuwa wazo la busara: usiombe viwili kwa mkono mmoja.

Dawa ikatangulia. Milan iliongoza raundi ya kwanza, ikaongoza na ya pili. Ya tatu, ikiwa na Amsterdam, kura zikawa 13 kwa 13. Slovakia, ambayo mji wake Bratislava ulikuwa umeshatolewa, haikupiga kura. Maasikas akachopoa Amsterdam. Waitaliano walioongoza siku nzima wakabaki mikono mitupu.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo kuhusu Maasikas kuwa pale. Nusu ya pili ya 2017 ilikuwa zamu ya Uingereza kushika uenyekiti wa mawaziri wa Ulaya. Baada ya kura ya maoni, Waingereza waliiachia zamu hiyo, ikasogezwa kwa Estonia miezi sita kabla ya wakati wake. Basi mkono uliochopoa majina siku ile ulikuwa umekalia kiti ambacho London ilikiacha kwa sababu ileile iliyoifanya ipoteze ofisi zenyewe.

Ikaja zamu ya benki. Raundi ya kwanza Frankfurt iliongoza kwa pointi, Dublin na Paris zikafuzu pamoja nayo. Prague, Warsaw, Vienna, Brussels na Luxembourg zikatoka, na kigezo cha sita kikatoka nazo. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mazungumzo ya kuunda serikali mpya ya Ujerumani yalikuwa yamevunjika mjini Berlin. Wajumbe wa Frankfurt hawakuja Brussels na upepo mzuri.

Raundi ya pili ndiyo moyo wa kisa hiki. Kura 27, miji mitatu. Frankfurt, iliyokuwa kinara dakika chache tu kabla, ikaanguka hadi kura 4. Paris ikapata 10. Dublin ikapata 13.

Kumi na tatu. Iliyohitajika ni 14. Mji ulioonekana msindikizaji ulikuwa mbele ya Paris kwa kura tatu, na ulibakiza mkono mmoja tu unyooke upande wake, jambo liishe pale pale bila raundi ya tatu, bila kura ya bahati wala Maasikas.

Raundi ya tatu ikapigwa. Dublin: 13. Paris: 13.

Hesabu ya nani alihama

Kwa kuwa kura zilikuwa za siri, hakuna anayeweza kusema nchi gani ilimpigia nani, wala kama kuna walioingia wakatoka upande wa Dublin kati ya raundi moja na nyingine. Lakini hesabu ya jumla haina siri. Frankfurt ilipotoka, ziliachwa kura nne zisizo na mwenyewe. Paris iliongezeka tatu, kutoka 10 hadi 13. Dublin haikuongezeka hata moja. Ya nne haikwenda upande wowote, ndiyo maana jumla ya raundi ya mwisho ni 26 badala ya 27.

Mpenzi wa soka ataona hapa mkosi wa Waairishi mbele ya Wafaransa. Miaka minane na siku mbili kabla, tarehe 18 Novemba 2009, Thierry Henry aliuzuia mpira kwa mkono uwanjani Stade de France, akampasia William Gallas aliyefunga, na Ireland ikakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Bao lile ni la kuonewa, hakuna ubishi.

Ila soka hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine ambayo hutajwa kidogo. Kwenye Kombe la Dunia la 1990 huko Italia, Ireland na Uholanzi zilimaliza hatua ya makundi zikiwa sawa kwa kila kitu: mechi tatu, sare tatu, mabao mawili ya kufunga na mawili ya kufungwa. Ikapigwa kura ya bahati kujua nani wa pili na nani wa tatu. Ireland ikatoka ya pili, ikapangiwa Romania, ikaitoa kwa penalti na kufika robo fainali. Uholanzi ikatoka ya tatu, ikapangiwa Ujerumani Magharibi, ikafungwa, nao Wajerumani wakaenda kutwaa kombe. Siku ile Waairishi hawakusikika wakilalamika kwamba kura ya bahati ni njia mbovu ya kuamua mambo. Mwaka 2017 bahati ikageuka: Waholanzi wakapata dawa, Waairishi wakakosa benki. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Ireland ilikubali.

Bahati, basi, tuiache na yake. Swali la mwanahistoria ni la ile kura ya kumi na nne: kwa nini haikupatikana? Mshikamano juu ya mpaka wa Ireland ya Kaskazini ulikuwa wa kweli, lakini haukuwagharimu wenzao kitu siku ile. Kura ya makao ni kitu ambacho kila nchi hukibadilisha na kitu kingine. Ufaransa ina balozi nyingi, miradi mingi na ahadi nyingi za kuweka mezani. Tena ilikuwapo kodi ya makampuni ya Ireland, asilimia 12.5, ambayo serikali za Paris zilikuwa zimeinung'unikia miaka mingi. Machi 2011 Nicolas Sarkozy na waziri mkuu wa Ireland Enda Kenny waligongana juu yake waziwazi katika mkutano wa viongozi. Kuipa msimamizi wa benki nchi ambayo benki zake zilianguka juzi, na kodi yake inalalamikiwa, ni jambo ambalo nchi 13 zilikuwa tayari kulifanya. Wa kumi na nne hakuonekana.

Dublin ilijua kutafuta marafiki wa kuichagua kwanza, na ilipata wengi kuliko ilivyotabiriwa. Iliwakosa wale ambao, mgombea wao akitolewa, wangesema: basi sasa ni Dublin.

Yaliyofuata

Mamlaka ilianza kazi Paris mapema Juni 2019, katika mnara wa Europlaza eneo la La Défense. Haikwenda na Enria, aliyekwisha kuchukuliwa kuongoza usimamizi wa benki katika Benki Kuu ya Ulaya, Frankfurt. Nafasi yake ilishikwa na Mhispania José Manuel Campa. Wenzao wa Wakala wa Dawa waliondoka London na kesi. Mkataba wao wa pango Canary Wharf ulikuwa wa kufika hadi mwaka 2039, hauna kipengele cha kujitoa, na Februari 2019 mahakama ya London ikaamua kwamba Uingereza kutoka Ulaya si sababu ya kuuvunja. Ikabidi watafute mpangaji wa kuwapunguzia mzigo.

Italia na mji wa Milan nao walikwenda mahakamani kupinga matokeo ya Wakala wa Dawa. Hukumu ilitoka tarehe 14 Julai 2022. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema uamuzi wa siku ile ya Novemba ulikuwa makubaliano ya kisiasa kati ya serikali, usio na nguvu ya sheria. Makao ya vyombo vya Umoja hupangwa na watunga sheria wake, yaani Bunge la Ulaya na Baraza la mawaziri kwa pamoja. Kumbe raundi tatu, pointi sita na jina lililochopolewa vilikuwa, kisheria, ushauri tu ambao sheria ya mwaka 2018 ya kuihamishia Mamlaka Paris ndiyo iliyoupa uzito.

Ireland haikukata tamaa. Umoja wa Ulaya ulipoamua kuunda mamlaka mpya ya kupambana na utakatishaji wa fedha, miji tisa iliomba, Dublin ikiwemo. Safari hii waombaji walihojiwa hadharani mbele ya Bunge na Baraza, na wote wawili wakapiga kura pamoja. Tarehe 22 Februari 2024 ikatangazwa Frankfurt, ileile iliyoanguka hadi kura nne mwaka 2017. Dublin ilishindwa tena, na hapakuwa na wa kumtupia lawama kwa kura ya bahati.

Benki Kuu ya Ireland ingali North Wall Quay, ndani ya lile jengo la rangi ya dhahabu, ikisimamia benki za Ireland.